Bomba la shaba lenye ganda kwa boila ya mafuta: uzoefu wangu

Nimelifunga bomba la shaba laini la inchi 3/8 lililovishwa ganda la plastiki, koili ya futi 50, kutoka tanki la galoni 275 (kama lita 1,040) hadi kwenye boila ya kupasha nyumba joto, katika besimenti (chumba cha chini ya nyumba) ya zege hapa Maine, Marekani. Huu ni msimu wa pili wa baridi, na ningelinunua tena. Ni ghali kuliko shaba tupu, lakini hapa si pa kubana pesa. Shaba tupu ikilazwa ndani ya zege huliwa taratibu, na mafuta hunywewa na udongo chini ya sakafu bila mtu kuona. Massachusetts, kusini mwetu, sheria inataka moja kati ya mawili: bomba liwe na ganda, au kuwe na valvu ya usalama inayofunguka pale tu pampu inapofyonza.

Kasoro ya ganda ni kwamba linaficha. Ukilikunja bomba kwenye goti, shaba inaweza kubonyea ndani huku nje pakionekana pazima. Likunje kwa duara pana, kidogo kidogo, kisha pitisha vidole juu yake: penye bonyeo pana ubapa. Hapo kata, usijaribu kunyoosha. Wakati wa kuchuna ganda pia, ncha ya kisu isiguse shaba. Mkwaruzo mmoja karibu na mdomo ndipo ufa unapoanzia.

Lakini bomba zuri haliokoi maungio mabaya. Tumia fleya (ungio la mdomo wa bomba uliotanuliwa kama tarumbeta) ya nyuzi 45 peke yake. Zile fitingi za kubana kwa pete zimekatazwa kwenye mafuta na NFPA 31, kanuni ya Marekani ya usalama wa vifaa vya kuchoma mafuta. Kata kwa kikatio cha gurudumu, safisha ukingo wa ndani, vika nati kwanza, ndipo utanue mdomo. Tia tone la mafuta kwenye koni ya fitingi inayoingia mdomoni, kaza kwa spana mbili, moja ikishikilia. Kwenye tredi za kawaida paka dawa ya tredi isiyoyeyushwa na mafuta. Tredi tepu usiiguse kabisa: vipande vyake hukatika na kwenda kukwama kwenye pampu na nozeli (tundu linalonyunyiza mafuta motoni).

Wengi huhangaika kwa sababu wanatafuta tone. Pampu inapofyonza, ungio bovu halitoi mafuta, linaingiza hewa. Utalipapasa, kavu kabisa, na bado boila inazima usiku, au moto unatoa masizi na nozeli inadondosha baada ya kuzima. Ukiweka ile valvu ya usalama, pampu inafyonza hata kama tanki liko juu yake, kwa hiyo fleya iliyokuwa ikikuvumilia sasa itakusumbua. Usiilaumu valvu. Mimi hufyonza hewa bombani kwa pampu ya mkono hadi geji isome inchi 10 za zebaki (kipimo cha nguvu ya mfyonzo) na kuliacha dakika 10. Mshale ukishuka, narudia fleya. Boila ikiwaka, kwa bomba moja geji isipite inchi 6. Ikifika 10, hewa iliyoyeyuka ndani ya mafuta huanza kujitenga yenyewe.

Kutoa hewa: vika mpira mwangavu wa inchi 1/4 kwenye chuchu ya pampu, ile ya kutolea hewa, ncha iingie chupani, legeza chuchu nusu mzunguko na uwashe. Povu litatoka, kisha mafuta yenye mapovu, kisha mafuta matupu. Yaache yatiririke kidogo zaidi ndipo ufunge. Kabla ya hapo soma karatasi ya pampu kuhusu kile kiskrubu kidogo cha mfumo wa mabomba mawili, ambapo la pili hurudisha mafuta tankini. Ukikiacha ndani wakati bomba ni moja, mafuta hayana pa kurudi na sili ya shafti hupasuka.

Valvu za moto, zile za kukata mafuta nyumba ikiungua, zenye mkono wa aloi (mchanganyiko wa metali) inayoyeyuka kwenye nyuzi 165 za Farenheiti, niliweka mbili: moja tankini kabla ya filta, nyingine kwenye kichomeo. Hapo kwenye kichomeo acha mzunguko mmoja wa bomba, ili mlango wa boila ufunguke bila kulegeza nati.

Kwa tanki la nje bomba hili la 3/8 silipendekezi. Kwenye baridi kali mafuta namba 2, yale ya kawaida ya kupashia nyumba joto, hufanya nta na njia nyembamba huziba mapema. Chukua inchi 1/2, filta iwe ndani ya nyumba, na uagize mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa.