Istilahi za tiba: kozi ya mtandaoni au darasa la jioni Tanga mjini?

Kwa anayekaa Pongwe na kufanya kazi za zamu, kozi ya mtandaoni ndiyo inayowezekana: somo hurudiwa usiku, na nauli ya daladala inabaki mfukoni. Video hula bando, basi zipakuliwe mapema penye waifai.

Darasa linashinda kwenye matamshi, na hilo si jambo dogo. “Hyper-” ni kuzidi, “hypo-” ni kupungua; sikioni yanakaribiana mno, ilhali mgonjwa wa sukari iliyopanda na wa iliyoshuka hawatibiwi sawa. Mwalimu husahihisha papo hapo. Jaribio la mtandaoni mara nyingi ni la kubonyeza jibu, kwa hiyo mtu hufaulu bila kuweza kulitamka neno lenyewe wala kuliandika. Dawa yake: soma kwa sauti, andika kwa mkono.

Kote kuwili, neno livunjwe, lianziwe mwisho. Katika “gastritis”, “-itis” ni uvimbe wa kuwaka (inflammation), “gastr-” ni tumbo. “Hepatitis” na “nephritis” hufunguka vivyo hivyo, ini na figo. Kadi 10 za kukariri maneno kwa siku zatosha. Tahadhari: “ileum” ni sehemu ya utumbo mwembamba, “ilium” ni mfupa wa nyonga.