Ofisi iliyotuandalia karatasi za Mama hapa Kisumu

Kaka yangu ni raia wa Marekani na amemwombea Mama ukaazi wa kudumu. Kazi ya vyeti ya upande huu ikaniangukia mimi, nikalipia huduma ya ofisi moja ndogo karibu na Oginga Odinga Street. Naisifu bila kusita, isipokuwa kwa jambo moja.

Kwanza, walisema kweli. Waliniambia wazi kwamba fomu ya I-130, yaani ombi la kumwombea jamaa ukaazi, huwasilishwa na kaka mwenyewe. Wao watashughulika na vyeti, na baadaye DS-260, fomu ya mtandaoni ya kuomba viza ya uhamiaji. Wakanieleza kuwa mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21 haingii kwenye foleni ya viza zenye kikomo cha idadi kila mwaka, lakini ndugu kama mimi husubiri zaidi ya miaka 15. Wakala mwingine mjini alikuwa tayari kuchukua pesa zetu eti tuingie sote kwenye faili la Mama. Hakuna faili kama hilo! Ombi la mzazi halibebi mtu mwingine, hata mtoto mdogo. Mama aliumia kusikia hivyo, maana kitinda mimba wetu bado yuko sekondari. Itabidi Mama apate kwanza kadi yake ya ukaazi (green card) ndipo amwombee, na kijana awe hajaoa.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye majina. Mama alizaliwa nyumbani kijijini Siaya, hakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Kitambulisho chake kinasema Rosemary, cheti cha kaka kinasema mama yake ni Rose. Dada wa ofisi alizitandaza karatasi zote mezani, akapitisha kidole chini ya kila jina, herufi baada ya herufi, akizungushia penseli palipotofautiana. Ndipo akatuelekeza: kadi ya ubatizo, barua ya chifu, usajili wa kuchelewa, hati ya kiapo kwa wakili. Alipoona Kiswahili kinamchosha Mama, akahamia Kijaluo, taratibu, bila kumharakisha. Hapo nilimpenda.

Kasoro ni kwamba kuskani kulitozwa kando, kila ukurasa, na mwanzoni hatukuambiwa. Si haki kwa watu wanaochangishana.

Sasa kaka anakusanya karatasi za kodi kwa ajili ya I-864, fomu ya kuahidi kumtegemeza Mama kifedha, halafu tungoje mahojiano Nairobi. Ukienda ofisi ile, beba vyeti halisi, nenda na mzazi mwenyewe, na uulize bei ya skani kabla hujakaa.