Glavu za pikipiki zilizonuka beberu: sabuni ya kopo imenisaidia kiasi gani

Mke wangu ndiye aliyezitupa nje. Nilirudi kutoka Posta, nikaziweka mezani sebuleni, hazikupita dakika mbili akauliza nimeingia na beberu? Sikuwa na la kujibu. Glavu za ngozi, joto la Dar, barabara ya Kilwa kila siku mwaka mzima bila kuzifua. Jasho lote lilikuwa limeganda kwenye kitambaa cha ndani.

Nilianza na bekingi soda, kijiko kimoja kila glavu, zikalala nayo. Asubuhi safi kabisa. Nafika Mtongani mikono imeshaloa, beberu huyo karudi.

Ndipo nikanunua sabuni ya ngozi ya kopo, ile ngumu kama dawa ya viatu, 12,000 Kariakoo. Nilizivaa, nikazilowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikasugua povu kama mtu anayenawa. Kisha nikazivua, nikamimina maji ya sabuni ndani na kuminya kidole kimoja kimoja. Yalitoka meusi kama kahawa ya kijiweni! Nilisuuza mara nne. Msijaribu kuzigeuza ndani nje. Kitambaa kikichomoka vidoleni, kukirudisha ni kazi.

Kwenye kukausha ndiko wengi tunaharibu. Jozi yangu ya kwanza niliianika juani juu ya tangi, ikakakamaa kama ngozi ya ngoma, ikapasuka. Safari hii nilizikandamiza kwa taulo bila kuzisokota, nikaziacha kivulini mbele ya feni siku mbili. Zikiwa bado na unyevu kidogo nikazivaa robo saa zishike umbo la mkono. Mwisho nikapaka mafuta ya ngozi, kidogo tu, maana sabuni huondoka na mafuta ya ngozi yenyewe.

Lawama yangu ni moja: rangi ilichuja, nikakaa na kucha nyeusi siku tatu kama fundi gereji. Vaeni glavu za plastiki kwanza.

Harufu je? Sebuleni zinaruhusiwa. Ila wiki ya tano hii, nikitia pua ndani kabisa, nasikia kwa mbali. Kwa hiyo sasa navaa glavu nyembamba za pamba ndani yake, hizo nafua kila Jumapili. Kopo limebaki zaidi ya nusu, na mke wangu kashaleta mkoba wake.