Uzoefu wangu: miezi minane na rimoti ya GHz 2.4, na kesi niliyoibambikia bure

Maoni ya kwanza niliyoandika kuhusu rimoti hii ya kuendeshea gari la mchezo yalikuwa ya nyota moja na maneno makali. Bahati nzuri sikuyatuma. Leo naipa nyota nne, na ile moja iliyobaki nitaeleza imeponzwa na nini.

Ni rimoti ya umbo la bastola, yenye chaneli tatu (njia za amri: usukani, mwendo na moja ya ziada), na inakuja na risiva moja, yaani kipokezi cha mawimbi kinachofungwa kwenye gari, ndogo kama kiberiti. Niliinunua baada ya ile iliyokuja na gari langu kuzama kwenye dimbwi. Gari lenyewe ni la umeme, la kipimo cha 1/10 cha gari halisi, linavuta magurudumu yote manne, mota yake haina brashi, na linatumia betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli mbili. Kuoanisha rimoti na risiva kulikuwa kwepesi: unabonyeza kitufe cha risiva huku unawasha gari, taa inapepesa mbio mbio, unawasha rimoti, taa inatulia. Ndoa imefungwa. Wiki tatu za kwanza sikuwa na neno baya la kusema.

Kisha gari likaanza kifafa. Nikikata kona kali huku nimekandamiza mwendo, linakufa ghafla. Magurudumu ya mbele yanatetemeka, kimya cha sekunde moja au mbili, halafu linazinduka na kuendelea kana kwamba halikufanya kosa lolote. Mara nyingine lilizimikia mita mbili tu kutoka miguuni pangu.

Hiyo “mita mbili” ndiyo ingenifumbua macho siku ileile, lakini nilikuwa nimeshaamua mkosaji ni rimoti. Kitu kipya, ugonjwa mpya, nani mwingine? Nikabadilisha betri zake nne. Nikaoanisha upya, nadhani mara saba. Nikasingizia Wi-Fi ya jirani kwa kuwa nayo iko kwenye GHz 2.4, ingawa rimoti za siku hizi hurukaruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine ndani ya masafa hayo, na kelele ya Wi-Fi moja haiziangushi kirahisi. Tena tatizo la mawimbi kwa kawaida huanzia mbali, gari linapokuwa kule mwisho wa uwanja. Gari linalofia miguuni pako lina shida nyingine.

Kilichonitoa gizani ni simu. Nilivua bodi, lile ganda la juu la gari, nikaligeuza gari ili taa ya risiva inielekee, nikarekodi kwa mwendo wa polepole huku nazungusha usukani. Katika video ile taa haikupepesa. Ilizimika kabisa, kisha ikawaka upya. Hapa ndipo palipo na siri yote: risiva ikipoteza mawimbi, taa yake hupepesa, maana bado iko hai na inaitafuta rimoti. Taa ikizimika, risiva imekosa umeme. Angalau kwa risiva hii ndivyo ilivyo, na kijitabu chake kinasema hivyo kwenye ukurasa ambao sikuusoma.

Nikachukua multimita, kipima umeme. Chaneli ya tatu ilikuwa wazi, basi nikagusisha ncha nyekundu kwenye pini ya katikati na nyeusi kwenye pini ya hasi. Gari limetulia: volti 6.0. Nikayashika magurudumu ya mbele kwa mkono yasigeuke, nikakata usukani hadi mwisho. 5.2. 4.6. 4.1, na taa ikazima mbele ya macho yangu. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikutaka kuamini.

Sasa nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Wiki ileile kifafa kilipoanza, nilikuwa nimeng'oa sevo, yaani mota ndogo inayogeuza magurudumu ya mbele, ile ya plastiki iliyokuja na gari, na kuweka sevo yenye nguvu ya kilo 20 na gia za chuma. Ile ya zamani ilinung'unika tu ikikwama. Hii ina nguvu ya kupindua tairi hata gari likiwa limesimama, na nguvu hailiwi bure. Ikikwama hunyonya karibu ampea 3. Kidhibiti mwendo changu, ile ESC, kina kijisaketi cha BEC kinachoshusha umeme wa betri kubwa ili kulisha risiva na sevo. Ubavuni mwake kumeandikwa 6V/2A, yaani volti 6 na ampea 2, kwa herufi ndogo ambazo nilizisoma kwa tochi. Yaani nilimwajiri bondia nikampa chakula cha mtoto. Sevo ikivuta, volti zinaporomoka, risiva inazirai, na kwa kuwa risiva ndiyo inayozirai, lawama inakwenda kwa rimoti.

Nilijaribu dawa nyepesi kwanza: kapasita, kijitungi cha kuhifadhi umeme kidogo, yenye plagi ya sevo, unaichomeka tu kwenye chaneli iliyo wazi nayo inaziba mashimo mafupi ya umeme. Ilisaidia kiasi. Kifafa kilipungua kutoka kila kona hadi kona moja kati ya kumi. Kama sevo yako ni ya kawaida na tatizo ni dogo, huenda ikakutosha. Kwangu ilikuwa ni kumpa panadoli mwenye malaria.

Tiba yenyewe ni BEC ya nje, ya ampea 5, inayochukua umeme moja kwa moja kwenye betri kubwa na kuupeleka kwenye risiva. Hapa nakuomba usiende haraka. Ukiichomeka hivihivi utakuwa na BEC mbili zinazosukumana kwenye waya mmoja. Lazima waya mwekundu wa plagi inayotoka kwenye ESC kuja kwenye risiva uutoe. Usiukate. Kwenye ile plagi nyeusi kuna kijilimi cha plastiki. Kiinue kidogo kwa ncha ya pini, vuta waya, utatoka na chuma chake. Kivishe utepe wa kuzuia umeme na ukifunge pembeni, siku ukitaka kuurudisha unaurudisha. Mweusi na mweupe waache mahali pao, kwa maana bila hizo mbili ESC haitasikia amri yoyote.

Tangu siku hiyo, nikishika magurudumu na kukata usukani, multimita haishuki chini ya 5.8. Kifafa kimekwisha.

Hilo lilikuwa la umeme. La mawimbi lilikuja baadaye, nalo lilikuwa uzembe wangu tupu. Kwenye mita 40 hivi gari lilianza kusitasita, na safari hii taa ilipepesa kama ipasavyo. Nikafungua, nikakuta antena ya risiva nimeikunja na kuibana chini ya betri wakati nafunga ile BEC. Kwenye risiva za GHz 2.4 sehemu inayopokea ni ile ncha tu, kama milimita 31 isiyo na koti la ndani, ambayo ni robo ya urefu wa wimbi. Ncha hiyo ukiilaza chini ya betri au kuibandika kwenye sahani ya kaboni, umeifumba macho. Niliisimamisha kwenye kijibomba cha plastiki juu ya bodi, umbali ukarudi. Waliowahi kutumia rimoti za MHz 27, zenye antena ndefu kama fimbo ya kuchungia na fuwele za kubadilishana ili msigongane chaneli, watacheka kusikia mtu analalamikia waya wa milimita 31.

Turudi kwenye rimoti yenyewe. Mshiko wake ni mzuri, mkono hauchoki. Vifundo vya trimu, vya kurekebisha usukani kidogo kidogo, viko mahali ambapo kidole gumba kinafika bila kutafuta, na kile cha kupunguza mzunguko wa usukani kinasaidia sana ukimpa mtoto aendeshe. Kifuniko cha betri ni kibovu, kinalegea. Mimi nimekifunga kwa mpira. Sponji ya gurudumu la usukani ilianza kuzunguka peke yake mwezi wa tano, gundi kidogo ikaituliza.

Nyota iliyopotea ni ya kijitabu. Kuna kinga ya kulisimamisha gari mawimbi yakikatika, lakini jinsi ya kuipanga kumeelezwa kwa sentensi moja iliyopinda. Ukweli ni kwamba risiva inakariri mahali kifyatuo cha mwendo kilipo wakati unabonyeza kitufe cha kuoanisha. Katika mojawapo ya zile mara saba nilioanisha kidole kikiwa kimeegemea kifyatuo. Siku moja nikakosea mpangilio, nikazima rimoti kabla ya gari, na gari likaondoka mezani lenyewe hadi ukutani. Mkono wa mbele ukavunjika. Kanuni ya kuwasha rimoti kwanza na kuizima mwisho naijua tangu zamani, lakini kinga ikipangwa sawasawa hata ukikosea huumii.

Kwa hiyo kabla hujalitoa nje, liweke juu ya boksi magurudumu yakiwa hewani, vuta mwendo kidogo, kisha zima rimoti. Yasiposimama, oanisha upya, vidole mbali na kifyatuo, usukani umenyooka.

Jana nimelifanyia jaribio hilo uwanjani, gari likiwa kwenye mwendo wa kati, bila mtu wala mnyama karibu. Nilizima rimoti makusudi. Liliburuza tairi, likasimama limenyooka, likanisubiri nilifuate.