Pasaka Lindisfarne: uzoefu wangu wa makaburini, bustanini na maji ya bamvua

Safari hii naipa nyota nne na nusu kati ya tano, na hiyo nusu niliyoibana nitaieleza mbele. Lindisfarne nimefika mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Julai, kwa basi dogo la watalii kutoka Newcastle ninakoishi. Mara ya pili ni wakati wa Pasaka, mimi na mama yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga. Naandika hasa kuhusu hiyo ya pili.

Kwa asiyepajua: Lindisfarne, ambacho wenyeji hukiita Kisiwa Kitakatifu, kiko pwani ya Northumberland, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Uskoti. Kina kijiji kimoja tu, na wakazi hawafiki 200. Kutoka kijiji cha Beal, upande wa bara, kuna barabara ya lami inayokatiza tambarare ya mchanga na matope. Maji yakipwa unapita na gari, yakijaa barabara inazama, na hivyo ndivyo inavyokuwa mara mbili kila siku. Halmashauri hutoa jedwali la saa salama za kuvuka, na nakala yake imebandikwa pale unapoanza kuingia. Ukilipuuza utajikuta juu ya kile kibanda cheupe chenye miguu mirefu kilichojengwa kwa ajili ya walionaswa, huku gari lako likioga maji ya chumvi. Kila mwaka kuna wanaonaswa.

Jedwali hilo ndilo lililoniharibia safari ya kwanza. Wale wa basi dogo (kampuni siitaji) walituahidi siku nzima kisiwani, lakini hawakupanga sawasawa na maji. Tulipewa saa moja na nusu. Nilikimbia kanisani, nikakimbia bustanini, nikanunua maji ya kunywa, tukaitwa garini. Nilirudi na picha arobaini bila kukumbuka hata harufu ya pale. Nikajiambia nitarudi, na nikirudi nitalala hukohuko.

Basi mama alipokuja, tukavuka Alhamisi Kuu, saa tatu asubuhi. Katikati ya barabara mama akaniomba nipunguze mwendo. Alishusha kioo, upepo ukaingia kama kisu, yeye akawa anatazama tu ule mchanga uliokwenda mpaka macho yanapokoma.

"Haya ni maji ya bamvua, mwanangu," akasema. "Tazama yalivyokimbia mbali. Yakirudi hapa hapapitiki."

Nikamuuliza amejuaje, naye hajaona hata jedwali. Akanijibu kwamba mwezi ulikuwa mpevu juzi, nimewahi kuona bahari gani isiyoufuata mwezi? Ni kweli, na ni jambo la kulifikiria ukipanga safari: Pasaka huwekwa kwa kufuata mwezi mpevu, kwa hiyo Juma Kuu mara nyingi huangukia bamvua, yaani zile siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, au siku chache baada yake. Maji hukauka sana asubuhi, na mchana barabara hufungwa kwa saa kadhaa. Wageni wengi hulichukia hilo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kwenda.

Tulianzia kwenye uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Maria, ambamo yamo makaburi ya kijiji. Hapana lango la kulipia wala foleni. Magofu ya monasteri ya pale jirani yana kiingilio, na yanastahili, ila uwanja wa kanisa unaingia tu. Dafodili zilikuwa zimechanua kati ya makaburi, manjano kali, zote zimeinama upande mmoja kwa upepo. Mawe ya makaburi ni ya mchanga mwekundu, na chumvi ya bahari imeyala. Kuna jiwe nililochuchumaa mbele yake muda mrefu. Upande wa juu herufi zimefutika kabisa, umebaki uso uliovimba na kubanduka kama rangi ya mtumbwi wa zamani. Chini, karibu na nyasi ambako upepo haufiki, bado linasomeka neno moja: mke. Jina lake limekwenda, la mumewe limekwenda, limebaki hilo. Kuvu la rangi ya machungwa limetambaa pembeni mwake, dogodogo na la mviringo, mfano wa vishikizo.

Mama kwa desturi yake hapiti kaburi lenye takataka bila kuinama. Alikuwa ameanza kuokota vijiti vilivyoletwa na upepo, kaburi kwa kaburi, anavikusanya mkononi. Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akasimama, akavua kofia, akamshukuru. Mama hajui Kiingereza, mzee hajui Kiswahili, ila walielewana.

Ni mzee huyohuyo aliyetuonyesha jiwe la maharusi, liko upande wa mashariki wa kanisa. Ni kitako cha msalaba wa kale. Bibi harusi akitoka kanisani huliruka jiwe hilo akishikwa mikono na wazee wawili wa kijiji, ili ndoa iwe na heri. Mama alilipapasa kwa juu, akaniangalia, hakusema kitu. Nami nilielewa.

Humo uwanjani imesimama pia sanamu ya Mtakatifu Aidan ameshika mwenge, kazi ya Kathleen Parbury ya mwaka 1958. Aidan alikuja hapa mwaka 635 kutoka kisiwa cha Iona, Uskoti, kwa mwaliko wa mfalme Oswald, akaanzisha monasteri. Baada yake akaja Cuthbert, mtawa aliyekuwa askofu wa hapa, aliyefariki mwaka 687 na kuzikwa hapa. Ndani ya kanisa kuna kitu ambacho Julai nilikipita mbio na safari hii nikakaa nacho: sanamu za watawa sita, ukubwa wa mtu, wamebeba jeneza la Cuthbert mabegani. Fenwick Lawson amezichonga kwa mti wa elmi. Watawa walikihama kisiwa mwaka 875 kwa kuwahofia Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, ambao walikwishapaharibu mwaka 793, na hawakukubali kumwacha marehemu wao nyuma. Mti ule umepasuka mipasuko mirefu kwa kukauka, na mipasuko inapita kwenye nyuso na mabega. Ukisimama pembeni unaona uzito, namna yule wa nyuma alivyoinamisha shingo. Mama alisema hivi ndivyo wanavyobeba kwao, bega kwa bega, na wa nyuma ndiye anayeumia.

Tukiwa bado nje tulisikia sauti kutoka baharini, kama akina mama wanashangaa umbea: "Aa-uuu!" Ni bata wa baharini, madume yana mgongo mweupe na tumbo jeusi, na majira ya kuchipua ndipo yanapotafuta majike. Hapa huitwa bata wa Cuddy, yaani wa Cuthbert, kwa sababu inasimuliwa kwamba mtakatifu huyo aliwapa ulinzi. Mara ya kwanza hatukuwasikia kabisa, kwa kelele za magari na watu.

Sasa bustani. Hapa lazima niwe mkweli, maana watu wanasafiri mbali kwa ajili yake. Ni bustani ndogo iliyozungushiwa ukuta wa mawe, iko peke yake kwenye malisho ya kondoo, mbele kidogo ya ngome ya kisiwani. Zamani wanajeshi wa ngome walilima mboga humo. Mwaka 1911 Gertrude Jekyll, mbunifu maarufu wa bustani, aliipanga upya kwa ajili ya Edward Hudson, mwenye ngome, ambaye alikuwa amemtumia msanifu Edwin Lutyens kuigeuza ngome ile kuwa makazi. Shirika la National Trust, linalotunza majengo na bustani za kale, limeirudisha kwa kufuata michoro ya Jekyll mwenyewe. Julai niliikuta imejaa: njegere za maua zenye harufu, na yale maua marefu ya jamii moja na bamia, kila rangi imekaa karibu na rangi inayoipenda. Wakati wa Pasaka hakuna hayo. Utakuta udongo mweusi uliotifuliwa, vijiti vimesimikwa kungoja mimea ipande, na machipukizi ya urefu wa kidole. Anayetaka maua na aende Julai.

Hata hivyo mimi nimeipenda zaidi ilivyokuwa Aprili. Ikiwa tupu hivyo unaiona mifupa yake: vijia vya mawe bapa vinavyokutana, na ukuta wa kusini ulioachwa mfupi ili aliye ngomeni aione bustani kutoka dirishani. Ukiingia mlangoni upepo unakatika ghafla, masikio yanapumzika. Mama aliketi kwenye benchi akafungua koti kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kando ya kijia kulikuwa na mmea wenye majani ya kijivu yenye manyoya laini, akachukua jani moja lililokuwa limeanguka, akawa analisugua kati ya vidole huku akiangalia kondoo kupitia mlangoni. Tulikaa pale bila kuzungumza mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Nilipokwenda mimi hatukulipa kitu kuingia bustanini, ila ngome ina tiketi yake, na maegesho ya kijijini ni ya kulipia.

Mchana, magari yakaanza kuondoka moja baada ya jingine, kisha kwa msururu. Tukarudi makaburini. Pale nyuma ya kanisa, ukishuka ufukweni, unaona kisiwa kidogo alichokuwa akijitenga Cuthbert kusali. Asubuhi tulikiona kimeshikana na nchi kavu. Sasa maji yalikuwa yanajaza mfereji kimyakimya, kwanza mstari mwembamba unaong'aa, halafu mwani ukaanza kuinuka na kuelea, halafu mawe ya kukanyagia yakatoweka. Mama alikuwa anahesabu mawe. Lilipozama la mwisho akasema, "Haya, sasa tumo." Kwa saa kadhaa hapakuwa na wa kuingia wala wa kutoka. Kunguru wadogo wa magofuni, wale bata, na mtu mmoja anakata nyasi. Hicho ndicho nilichokuwa nimekikosa Julai.

Ile nusu ya nyota ni ya malazi. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa safi, ila kipasha joto cha chumbani hakikuwaka na mablanketi ya ziada yaliletwa usiku mnene, mama alishalala na koti. Waulize mapema, hasa ukiwa na mtu mzima. Vilevile jikoni za kijijini hufunga mapema, nasi tungelala njaa kama si maandazi niliyobeba. Na Pasaka vyumba huisha miezi kabla.

Ijumaa Kuu asubuhi tulishuka ufukweni. Kuna mahujaji ambao kila Juma Kuu hutembea siku kadhaa kuelekea kisiwani, na Ijumaa Kuu huvuka mchangani wakifuata nguzo za njia ya kale, misalaba mikubwa ya mbao mabegani. Tuliwaona wangali vitone. Wakakaribia, tukasikia wimbo, tukaona wengi wao wako pekupeku, matope yamewafika magotini. Mwanamke mmoja wa umri wa mama alifika akaketi kwenye jiwe, anatetemeka, miguu imekuwa myekundu kama kamba waliochemshwa. Mama akavua kanga aliyojitanda ndani ya koti, akapiga goti akaanza kumkausha, katikati ya vidole, taratibu, kama anavyofanyiwa mtoto. Yule mwanamke alijaribu kumzuia mara moja tu.

Kanga ilirudi imejaa mchanga. Tuliikung'uta maegeshoni saa tano kasoro, tukaitandika kiti cha nyuma ikauke, tukavuka kabla maji hayajarudi.