Pikipiki ya zamani: ibaki na kiki au ifungwe selfu?

Kiki ni kuwasha kwa kukanyaga kwa mguu; selfu ni kuwasha kwa kitufe, mota ya umeme ikizungusha injini. Ubishi huu hauishi vijiweni Tabora. Tuchukue mfano wa Honda CG125, iliyoanza kuuzwa 1976.

Kwa gharama, kiki inashinda bila jasho: ipo tayari. Selfu wengi hudhani ni kununua mota tu. Injini iliyoundwa kwa kiki pekee haina mahali pa kuikalisha mota wala gia zake, kwa hiyo utabadili kava la upande wa sumaku (inayozalisha umeme injini ikizunguka), pengine na kasha la injini lenyewe, kisha uongeze klachi ya stata (inayounganisha mota na injini wakati wa kuwasha), rilei (swichi ya umeme ya kuipa mota moto), swichi ya kubonyeza na betri kubwa. CG za mwanzo ni za volti 6, basi na mfumo wa chaji unahamia volti 12. Ndiyo maana wengine huishia kufunga injini nzima ya Kichina iliyoigwa kutoka CG. Inawaka kwa kidole, sawa, ila kuiita pikipiki ya zamani hapo ni ukarimu.

Kwa mrina asali anayelala porini huko Sikonge, kiki ndiyo mwenzi: cheche ya CG ya zamani inatoka kwenye sumaku, betri ikifa bado inawaka. Bodaboda wa mjini anayezima na kuwasha kutwa, au mwenye goti bovu, selfu itamfaa zaidi.

Matunzo? Kiki ni springi na meno yanayolika. Selfu ni brashi za kaboni na betri isiyotaka kusahauliwa.

Ukifunga selfu, kiki ibaki. Fundi akisema lazima aiondoe, tafuta mwingine.