Programu ya Hisa Isiyoonyesha Hasara ya Dola
Nimetumia programu ya dalali mmoja wa hisa wa Nairobi tangu Januari 2023, na katika kununua na kuuza sina la kulalamika: oda hupita upesi, na gawio huingia bila kufuatilia. Kasoro yake kubwa ni taarifa ya mwezi, ambayo huhesabu faida na hasara kwa shilingi pekee, ilhali sisi tulio ughaibuni hutuma dola.

Dola ilipanda kutoka takriban shilingi 123 hadi kufikia 160 mnamo Januari 2024, na kwa kuwa wawekezaji wa kigeni walikuwa wakiuza ili watoe fedha zao, bei za hisa nazo ziliporomoka. Hata hisa ambayo bei yake haikusogea ilikuwa imepoteza zaidi ya asilimia 20 ya thamani kwa dola, lakini kwenye skrini yangu mstari wake ulisomeka sifuri. Februari, serikali ilipouza hatifungani (hati ya mkopo) ya dola bilioni 1.5 ili kulipa sehemu ya deni lililokuwa likiiva Juni, shilingi ilianza kupata nguvu, dola ikashuka hadi karibu shilingi 130, na nafuu hiyo pia haikuonekana popote. Safu moja ya dola ingetosha. Nimewaandikia mara mbili. Hujibu kwa adabu, ila safu haijaongezwa.